Kwa Nini Miradi Yetu Hukwama: Vikwazo vya Kazi ya Kamati na Namna ya Kuviondoa



Boma la zahanati lililofikia usawa wa lenta na kuachwa lina hasara za aina tatu. Ya kwanza ni ya mali: kuta zisizo na paa hunyeshewa msimu baada ya msimu, na nondo zilizoachwa wazi hushika kutu. Ya pili ni ya huduma: mama mjamzito huendelea kupakiwa kwenye pikipiki usiku kuelekea kituo cha mbali, wakati jengo lililokusudiwa kumhudumia limesimama karibu na nyumba yake bila mlango wala dawa. Ya tatu ni ya imani: watu waliobeba mawe kichwani na kuchimba msingi kwa mikono yao hujifunza kwamba wakiitwa tena, ni heri wasitokee. Hasara hii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Fedha zikipatikana, boma laweza kukamilishwa katika miezi michache, bali imani ya wananchi ikivunjika huchukua miaka kurejea.

Tunapoulizwa kwa nini mradi umekwama, jibu la haraka huwa ni fedha. Jibu hilo mara nyingine ni la kweli. Hata hivyo, vijiji viwili vyaweza kupokea kiasi kilekile cha fedha, kwa ramani ileile, katika mwezi uleule. Kimoja kikamaliza kazi na kingine kikaishia kwenye msingi. Tofauti hiyo haitokani na fedha. Hutokana na namna watu waliokabidhiwa mradi wanavyofanya kazi pamoja: wanavyogawana majukumu, wanavyopeana taarifa, wanavyotunza kumbukumbu na wanavyoshughulikia hitilafu kabla haijawa mgogoro. Makala haya yanaeleza vikwazo vinavyojitokeza mara kwa mara katika kazi ya kamati za miradi, na hatua ambazo kijiji chochote katika wilaya zetu za Kibondo na Kasulu kinaweza kuzichukua.

Nani hasa anasimamia mradi wa kijiji?

Katika miaka ya karibuni, majengo mengi ya shule, zahanati na vituo vya afya yamejengwa kwa utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, ambao pia unatambuliwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Chini ya utaratibu huu, shule au zahanati hupokea fedha katika akaunti yake ya benki, hununua vifaa, kisha huingia makubaliano na fundi kwa ajili ya kazi ya ufundi pekee. Mkandarasi mkuu hayupo. Faida zake ni bayana: gharama hupungua, mafundi wa kwetu hupata kazi, na sehemu ya fedha hubaki ikizunguka katika maeneo yetu.

Faida hizo zina sharti lake. Kazi ambayo mkandarasi angelipwa kuifanya, yaani kupanga, kununua, kutunza, kukagua na kuandika, huhamia kwenye mabega ya wananchi, ambao wengi wao ni wakulima wenye mashamba na familia za kuangalia. Kwa kawaida huundwa kamati tatu. Kamati ya manunuzi hutafuta na kulinganisha bei. Kamati ya mapokezi huhesabu na kukagua vifaa kabla havijaingia stoo. Kamati ya ujenzi husimamia fundi na kazi ya kila siku. Pamoja nazo wamo mkuu wa shule au mganga mfawidhi, Mtendaji wa Kijiji, Halmashauri ya Kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya uenyekiti wa Diwani, na wataalamu wa Halmashauri ya Wilaya, akiwemo mhandisi na afisa manunuzi.

Na katika kila kijiji kipo chombo kikuu cha maamuzi: Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano huu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa, na hapo ndipo mwananchi asiye mjumbe wa kamati yoyote anapokuwa na haki kamili ya kuuliza.

Mradi mdogo wa vyumba viwili vya madarasa, basi, unaweza kuwagusa watu thelathini au arobaini wenye mamlaka tofauti. Vikwazo vingi huzaliwa katika kutoelewana kwao.

Somo la mpango wa maji wa mwaka 1971

Nchi yetu imewahi kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo la kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini anapata maji safi ndani ya umbali wa mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo lilikuwa jema, na visima, matangi na mabomba vilijengwa katika mikoa mingi. Hata hivyo, mwaka 1991 ulifika kabla ya lengo kufikiwa, na miradi mingi iliyokuwa imejengwa haikuwa ikifanya kazi.

Sababu zilizobainishwa baadaye hazikuwa za uhandisi peke yake. Miradi iliamuliwa na kuendeshwa kutoka juu. Wananchi hawakuhusishwa vya kutosha katika kupanga wala kuchagua teknolojia. Matengenezo yalisubiri fedha na mafundi wa Serikali Kuu. Pampu ilipoharibika, hakuna aliyejiona kuwa mwenyewe wa kuitengeneza.

Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka msisitizo kwa jamii kumiliki na kusimamia huduma yake, na kuchangia gharama za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kuvipa nafasi ya kisheria vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mwananchi anayechota maji kwenye kituo cha kijiji na kulipia ndoo yake anaishi ndani ya matokeo ya somo hilo. Vikwazo vinavyofuata ni watoto wa tatizo lilelile: mradi wenye kazi nyingi lakini usio na mwenyewe anayejulikana.

Kikwazo cha kwanza: lengo lisilofanana katika vichwa vya watu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijiji kinaarifiwa kwamba zimeletwa fedha za ukamilishaji wa zahanati. Mwenyekiti anaelewa kwamba jengo litaisha pamoja na choo na kichomea taka. Fundi anaelewa kwamba atapaua, ataezeka na kupiga plasta. Wananchi wanaamini kwamba nyumba ya mganga nayo imo. Mwezi wa tatu fedha zinakwisha: jengo limeezekwa, choo hakipo, nyumba ya mganga haikuwahi kuwamo, na kila upande unaona umedanganywa. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyeandika.

Dawa yake ni ukurasa mmoja. Kabla ya tofali la kwanza, kamati iandike kwa Kiswahili chepesi mambo matano: kitakachojengwa, hatua ambayo fedha zilizopo zitafikia, kiasi cha fedha na chanzo chake, mchango wa wananchi kwa kazi na vifaa, na tarehe ya kumaliza. Iandike pia kile *kisichokuwamo*. Ukurasa huo usomwe katika Mkutano Mkuu na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ramani na makadirio ya gharama mara nyingi huja kwa lugha ya kitaalamu, na wakati mwingine kwa Kiingereza. Ni wajibu wa mtaalamu kuyafafanua, na si aibu kwa mjumbe kuomba ufafanuzi. Palipo na wazee wanaostarehe zaidi katika Kiha, maelezo yatolewe pia kwa Kiha.

Kikwazo cha pili: majukumu yanayoingiliana

Kamati tatu ziliundwa kwa makusudi. Aliyenunua asiwe ndiye anayepokea, na aliyepokea asiwe ndiye anayetumia. Hivyo kila mkono humlinda mwenzake. Kamati zikichanganywa, au watu walewale watano wakawamo katika zote tatu, ulinzi huo unatoweka. Mifuko ya saruji iliyonunuliwa huhesabiwa na mnunuzi mwenyewe, na mbao zenye unyevu au zilizopinda hupokelewa kwa sababu aliyezichagua ndiye anayetakiwa kuzikataa.

Kinyume chake nacho kina madhara. Pale majukumu yasipogawanywa kabisa, kila mmoja hudhani mwenzake ameshughulikia. Maji ya kumwagilia zege hayakuletwa kwa kuwa kamati ilidhani fundi ataleta, na fundi alidhani ni mchango wa wananchi. Kamati iwe na orodha yenye safu tatu: kazi, jina la mhusika na tarehe. Jina liwe la mtu mmoja. Kazi iliyoandikiwa «wajumbe wote» haina mwenyewe.

Hapa liingie pia suala la mgongano wa maslahi. Katika vijiji vyetu tunafahamiana, na si ajabu mjumbe wa kamati akawa na duka la vifaa au ndugu yake akawa na lori la mchanga. Hilo si kosa kwa lenyewe. Kosa ni kulificha. Mjumbe alitamke mbele ya kikao, liandikwe katika muhtasari, naye akae pembeni wakati bei hiyo inapojadiliwa.

Kikwazo cha tatu: mtu mmoja kuwa kamati

Ipo miradi ambayo wananchi huiita kwa jina la mtu: mradi wa mwenyekiti, mradi wa mwalimu mkuu. Mara nyingi mtu huyo ni mchapakazi. Aliona wenzake wanachelewa, akaamua kubeba mzigo peke yake. Lakini siku akiugua au akihamishwa kikazi, mradi husimama, kwa kuwa mikataba, namba za wauzaji na hesabu vyote vimo kichwani mwake. Zaidi ya hayo, palipo na shaka hata ndogo, hana shahidi wa kumtetea.

Mara nyingi wajumbe hunyamaza kwa sababu ya mpangilio wa vikao. Kikao kinachoitwa jioni, wakati wa kuchota maji na kupika, kimekwisha kuwaondoa wanawake kabla hakijaanza. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, na kamati za miradi hazina sababu ya kwenda chini ya hapo. Wanawake ndio wanaojua kisima kipi hukauka Agosti, na mara nyingi wao ndio wanaobeba maji na mchanga wa mradi. Kikao kipangwe saa wanazoweza kuhudhuria, na mwenyekiti awe na desturi ya kumuuliza kila mjumbe maoni yake kwa zamu kabla ya kutoa ya kwake. Mwenyekiti akitangulia kusema, wengi hubaki kuitikia.

Kikwazo cha nne: ratiba isiyoijua kalenda yetu

Nyanda zetu za juu zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Kalenda hizi mbili zikiwekwa pamoja, jambo moja linajitokeza: miezi ya Julai, Agosti na Septemba ni ya thamani kubwa. Barabara zinapitika, matofali ya kuchoma yanakauka, na mashamba hayajaanza kudai nguvu zote. Ikifika Novemba, udongo mwekundu hugeuka utelezi, lori la kokoto hukwama njiani, na familia nzima huwa shambani ikipanda mahindi na maharage. Kamati inayowaita wananchi kusomba mawe katika wiki ya kupanda inajitafutia lawama, kisha huwaita watu hao wavivu.

Fedha si lazima zifike Julai. Kamati iliyojiandaa hufanya mapema yale yasiyohitaji fedha nyingi: kukubaliana juu ya eneo na kumaliza suala la ardhi kwa maandishi, kukusanya mawe na mchanga, kuuliza bei kwa wauzaji kadhaa, na kuchagua wajumbe. Fedha zikiingia Septemba, kijiji hicho kimebakiza kazi ya kununua na kujenga. Kijiji kinachoanza kutafuta kiwanja siku fedha zilipoingia kitakutana na mvua kikiwa kwenye msingi, na Juni kitakuwa kinaeleza kwa nini fedha hazijatumika.

Tahadhari moja kuhusu haraka. Saruji haipendi kukaa muda mrefu. Ikihifadhiwa miezi mitatu katika stoo yenye unyevu hupungua nguvu na huweza kuganda. Inunuliwe kwa awamu zinazolingana na kazi, ipangwe juu ya mbao bila kugusa sakafu wala ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Kikwazo cha tano: kazi bila kumbukumbu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miradi ya jamii, daftari hulinda mali, na pia humlinda mtu mwaminifu. Mjumbe asiye na maandishi hawezi kujisafisha hata kama mikono yake ni safi.

Leja ya stoo haihitaji elimu ya uhasibu. Inahitaji safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na saini ya aliyetoa na aliyepokea. Kama iliingia mifuko 100 ya saruji na imetoka 64, stoo lazima iwe na 36. Mjumbe yeyote, au mwananchi yeyote aliyepewa nafasi, aweze kuingia na kuhesabu. Ikionekana 33, swali liulizwe siku hiyo. Baada ya miezi sita, mifuko mitatu iliyopotea imeshakuwa uvumi wa mifuko thelathini.

Nyaraka nyingine ni chache: mihtasari ya vikao iliyosainiwa, nukuu za bei za wauzaji, mkataba wa fundi, hati za kupokelea vifaa, risiti za EFD, na daftari la nguvu za wananchi. Hili la mwisho husahaulika. Aliyebeba ndoo ishirini za maji amechangia, na mchango wake una thamani ya fedha. Ukiandikwa, gharama halisi ya mradi hujulikana, na mchangaji hutambuliwa. Usipoandikwa, hubaki yule aliyetoa shilingi elfu tano akitangazwa na aliyetoa siku tatu za jasho akisahauliwa.

Kikwazo cha sita: ushauri wa kitaalamu unaotafutwa baada ya kosa

Mhandisi hawezi kuwa katika kila kijiji kila siku. Kwa hiyo kamati inapaswa kujua hatua ambazo kazi haiendelei mpaka mtaalamu akague: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kufunga lenta, na kabla ya kuezeka. Aitwe siku kadhaa kabla, kwa kuwa kosa lililofunikwa kwa zege huwa ghali mno kulirekebisha. Baada ya zege kumwagwa, limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua saba. Kazi hii huonekana ndogo, na katika kiangazi chenye shida ya maji hurukwa, kisha nyufa hulaumiwa kwa saruji.

Mabadiliko ya ramani nayo yahitaji tahadhari. Kuongeza upana wa chumba kwa nusu mita kunaonekana ni kujiongezea faida, lakini kunabadilisha mbao za kenchi, idadi ya mabati na nguvu ya ukuta. Fedha zilizokadiriwa kwa ramani moja hazitamaliza ramani nyingine. Badiliko lolote liombwe kwa maandishi na lijibiwe kwa maandishi.

Kwa upande wa kinachowezekana, mfano upo. Mwaka 2021, kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa wastani wa shilingi milioni 20 kila kimoja, ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate pa kukaa. Changamoto hazikukosekana, ikiwa ni pamoja na mahitaji makubwa ya vifaa kwa wakati mmoja. Lakini mambo manne yalikuwa wazi tangu mwanzo: kiasi cha fedha, aina ya jengo, tarehe ya kumaliza na mtu wa kuulizwa. Mambo hayo manne hayahitaji mpango wa kitaifa. Kila kijiji kinaweza kujiwekea.

Kikwazo cha saba: timu nyingi zisizozungumza

Wilaya zetu zina hali ya pekee. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu mwaka 1996, na kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Kibondo mwaka 2015. Uwepo wa wakimbizi umeleta mashirika mengi ya kitaifa na kimataifa, na mengine huhudumia pia vijiji vinavyozunguka kambi. Kila shirika huja na fomu zake, kamati zake na tarehe zake. Matokeo yake, kijiji kimoja chaweza kuwa na kamati tano zenye wajumbe walewale wanaochoka, visima viwili vikichimbwa jirani huku kitongoji kingine kikibaki bila hata kimoja.

Jitihada za kupanga pamoja zimekwisha kufanyika. Mpango wa Pamoja wa Umoja wa Mataifa katika Mkoa wa Kigoma, uliozinduliwa mwaka 2017, uliyakusanya mashirika ya Umoja huo kufanya kazi pamoja na Serikali ya Mkoa na halmashauri zake katika maeneo kama maji, elimu, kilimo na uwezeshaji wa wanawake na vijana. Hapa kijijini, wajibu wetu ni mmoja: mdau yeyote apitie ofisi ya Mtendaji, mradi wake uingizwe katika mpango wa kijiji na wa kata, na aelezwe kamati zilizopo kabla ya kuunda nyingine. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo uliwekwa ili kijiji kiwe na vipaumbele vyake vilivyoandikwa. Kijiji chenye orodha humwambia mgeni kinachohitajika. Kisicho nayo hupokea chochote kinacholetwa.

Kikwazo cha nane: makabidhiano yasiyofanyika

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa 27 Novemba 2024 uliwaweka madarakani viongozi wa vijiji na vitongoji kwa kipindi cha miaka mitano. Kila uchaguzi huleta swali lilelile: nyaraka za miradi inayoendelea ziko wapi? Kiongozi anayeondoka akizibeba nyumbani, anayeingia huanza na lawama badala ya kazi. Nyaraka za mradi ni mali ya kijiji na mahali pake ni ofisini. Makabidhiano yafanyike kwa orodha, mbele ya mashahidi, yakionyesha kilichofanyika, kilichobaki, salio benki, vifaa vilivyopo stoo na madeni ya mafundi na wauzaji.

Makabidhiano ya pili ni kutoka ujenzi kwenda huduma. Siku ya kukata utepe si mwisho wa mradi. Nani atanunua vitasa vikivunjika? Nani atafagia mitaro isijae tope mvua zikianza? Nani atatengeneza pampu? Maswali haya yakijibiwa kabla ya uzinduzi, na kamati ya matengenezo ikapewa chanzo chake cha fedha hata kama ni kidogo, jengo litawahudumia wajukuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ambayo kila mwananchi anaweza kuuliza

Huhitaji kuwa mjumbe wa kamati ili kuusaidia mradi wa kijiji chako. Katika Mkutano Mkuu ujao, simama kwa heshima uulize:

1. Mradi huu unakamilika kwa hatua gani, na kwa fedha kiasi gani?
2. Wajumbe wa kila kamati ni akina nani, na kuna mtu aliye katika kamati zaidi ya moja?
3. Fedha zilizopokelewa ni kiasi gani, zilizotumika ni kiasi gani, na salio ni kiasi gani?
4. Leja ya stoo iko wapi, na mara ya mwisho ilihakikiwa lini?
5. Mtaalamu alikagua hatua ipi, na aliagiza nini?
6. Kazi ipi inasubiri nguvu zetu, na kwa tarehe gani?
7. Jengo likikamilika, nani atalitunza na kwa fedha zipi?

Swali likijibiwa kwa maandishi, shukuru na ushiriki. Lisipojibiwa, lipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha kwa Mtendaji wa Kata na Diwani, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Penye dalili za rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo.

Na kwa wewe uliyechaguliwa kuwa mjumbe: kazi uliyopewa haina mshahara, na shukrani zake huchelewa. Lakini siku mtoto wa jirani atakapokaa darasani bila kunyeshewa, au mama atakapojifungua salama umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani kwake, daftari lako litakuwa limefanya kazi sawa na mwiko wa fundi. Litunze.